Nani anaamua kwenye shule ya watoto wetu? Maswali ya wazazi wa Lubumbashi

Mimi ni mzazi wa watoto wanne, na huu ni mwaka wa sita ninakaa kwenye komite ya wazazi ya shule moja ya msingi huku Kampemba. Maswali haya, kuhusu dai letu kwamba wazazi nao waamue mambo ya shule, nimeulizwa mkutanoni, ndani ya taksi-busi, langoni saa ya kuchukua watoto, na mengine usiku kwa simu. Sheria nimezisoma mwenyewe, kidogo kidogo, na pale Kifaransa kiliponishinda nilimwendea jirani aliyesomea sheria.

Mnadai nini hasa?

Tunadai kwamba mambo yanayoweza kuamuliwa shuleni yaamuliwe shuleni, mbele ya wazazi na walimu, na hesabu zake zisomwe kwa sauti. Malata (mabati) ya darasa la tatu. Choo cha wasichana. Mlinzi wa usiku. Nani aruhusiwe kuuza chakula ndani ya kiwanja. Pesa ya uendeshaji ikifika, inunue nini kwanza. Hayo hayahitaji Kinshasa, wala hayahitaji kusubiri barua ya mkubwa wa mjini ambaye hajawahi kuingia kwenye darasa lile wakati mvua inanyesha.

Kwa sasa nani anaamua nini?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotea, na si kosa lao, kwa sababu mamlaka yamegawanyika vipande vipande.

Programu ya masomo, kalenda ya mwaka, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi na Examen d'État, ule wa mwisho wa sekondari, vinatoka wizarani, Kinshasa. Mshahara wa mwalimu unatoka huko huko. Idara inayoandaa malipo wengi bado tunaiita SECOPE, ingawa jina lake sasa ni DINACOPE. Mwalimu asiye na namba kwenye orodha ile, yule tunayemwita NU, anafundisha mwaka mzima bila mshahara wa Leta (serikali), na hakuna direkta, yaani mkuu wa shule ya msingi, anayeweza kumpa namba hiyo.

Hapa Haut-Katanga kuna Proved, mkuu wa elimu wa mkoa, na chini yake kuna sudivizio, ofisi ndogo za elimu, na wakaguzi. Gavana ndiye anayesaini kila mwaka amri inayopanga karo za sekondari. Ukiambiwa kiasi cha minervali, uliza kama kimo kwenye amri hiyo, na uombe kuiona.

Kwenye shule za kanisa zenye mkataba na Leta, zile tunazoita konvansione, kuna ofisi ya koordinasio ya kanisa husika. Hiyo ndiyo yenye sauti kubwa katika kuchagua direkta, au prefe kwa sekondari.

Kisha kuna shule yenyewe. Hapo sheria inaweka vyombo viwili ambavyo kwenye karatasi vina nguvu: komite ya wazazi, COPA, na baraza la uongozi wa shule, COGES. Ninasema kwenye karatasi kwa sababu nimeona shule ambako rais wa COPA alikuwa anasaini PV (ripoti) za vikao ambavyo havikufanyika.

Sheria inaturuhusu, au tunajipa kazi isiyo yetu?

Inaturuhusu. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Kifungu hicho hicho kinawapa wazazi haki ya kuchagua aina ya malezi ya shule kwa watoto wao. Kifungu cha 204 kinaweka elimu ya chekechea, msingi na sekondari kati ya kazi za mkoa, mradi mkoa ufuate kanuni za jumla zilizowekwa na serikali kuu. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014, namba 14/004, inawatambua wazazi kuwa washirika wa shule.

Soma tena hicho kifungu cha 204. Elimu ya watoto wetu ni kazi ya mkoa tangu 2006. Lakini hadi leo mwalimu wa Ruashi akikosa mshahara, faili lake linasafiri hadi Kinshasa. Ugatuzi uliandikwa, na mikoa ikawa 26 mwaka wa 2015, ila kalamu ya kuamua ilibaki palepale. Katiba inasema pia, katika kifungu cha 175, kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa na ikatwe papo hapo pale inapokusanywa. Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye ofisi ya mkoa atakuambia jinsi mikoa imekuwa ikilia juu ya kifungu hicho.

COPA na COGES si kitu kimoja?

Hapana. COPA ni ya wazazi peke yao. Inachaguliwa na mkutano mkuu wa wazazi mwanzoni mwa mwaka wa masomo. COGES ndiyo meza ya pamoja: mkuu wa shule, mwakilishi wa walimu, wawakilishi wa wazazi kutoka COPA, na kwenye sekondari mwanafunzi pia. COPA inabeba sauti ya wazazi hadi kwenye meza hiyo, na kwenye meza hiyo ndipo pesa inapopangwa.

Nitaeleza kwa kisa kimoja. Mwaka ule mvua ya Januari iling'oa malata manne juu ya darasa la tatu. Watoto walisukumwa upande mmoja wa chumba, madawati yakibanana, na maji yakishuka polepole kwenye tablo hadi chaki ikakataa kuandika. Direkta akaita wazazi. Akasema kila mmoja atoe mchango. Mama mmoja anayeuza mboga, mtoto mgongoni, akasimama: "Papa Direkta, samahani. Ile pesa ya uendeshaji ya robo iliyopita ilinunua nini?"

Kimya. Mwalimu mmoja akatazama chini. Mwishowe daftari la kasa likaletwa, nasi tukalisoma pale pale, mstari kwa mstari. Chaki, sawa. Kufuli, sawa. Kisha "transport" mara tatu ndani ya wiki moja, bila risiti, bila jina la aliyesafiri. Hakuna aliyepiga kelele. Mama yule alirudia tu kila tulipofika kwenye neno lile: "Hii ni safari ya kwenda wapi?"

Tangu siku ile, Jumamosi ya kwanza ya mwezi hesabu inaandikwa kwenye tablo la darasa la sita na mlango unabaki wazi. Malata tulinunua watu watatu: direkta, mwalimu mmoja na mzazi mmoja. Risiti ikabandikwa ndani ya daftari kwa gundi. Direkta mwenyewe aliniambia baadaye kwamba analala vizuri zaidi, kwa sababu zamani kila pengo la pesa lilikuwa la kwake peke yake.

Shule yetu ni ya kanisa. Je, hayo yanatuhusu?

Yanawahusu. Mkataba wa 26 Februari 1977 uliyarudishia makanisa uongozi wa shule, lakini hazikuwa mali ya binafsi: walimu wanalipwa na Leta, programu ni ya Leta, na mtoto wa kila dini ana haki ya kuingia. COPA na COGES zinatakiwa huko kama kwingine. Kama mmoja wa mapadri au wachungaji anasema "hii ni nyumba ya kanisa, hesabu ni za kanisa", mjibuni kwa heshima kwamba nyumba ni ya kanisa, na pesa ya uendeshaji ni ya watoto.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Shule nyingi za mji huu zisingekuwepo bila masista na mapadri. Wasalesiani wako hapa tangu 1911. Ninachosema ni kwamba shukrani haizuii mzazi kuuliza hesabu.

Hii si siasa mpya kutoka nje?

Tazameni nyuma kidogo. Mwaka wa 1906 utawala wa Léopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ulifanya mapatano na Vatikani, na misheni zikapewa kazi ya kufundisha. Hapa kwetu Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilijenga kambi na shule za watoto wa wafanyakazi, na ikawaachia wamisheni wafundishe. Kampuni iliamua, misheni iliamua. Baba wa mtoto aliitwa kupewa adhabu ya mtoto wake tu. Kisha Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, ikarithi shule hizo. Mwaka wa 1974 serikali ya Mobutu ikachukua shule zote, na miaka mitatu baadaye ikazirudisha kwa makanisa. Katika mizunguko yote hiyo, nani alimuuliza mzazi?

Halafu ikaja miaka ya 90. Leta ikashindwa kulipa walimu, migomo ikafunga shule, na tangu hapo wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu kwa ile tuliyoiita "motivasio" au "prime". Hiyo haikuwa mwaka mmoja. Iliendelea hadi bure ya elimu ya msingi ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019. Zaidi ya miaka 25, mama anayeuza makala (makaa) na baba wa kazi ya kibarua walilisha shule za nchi hii. Mimi mwenyewe nilifukuzwa darasani mara nyingi kwa sababu ya prime, nikakaa nje ukutani na kusikiliza somo kupitia dirisha. Wazazi walilipa kama wenye shule, lakini kwenye maamuzi walihesabiwa kama wageni. Kwa hiyo dai letu si geni. Ni deni.

Shule ya msingi ni bure. Mbona bado tunaombwa pesa?

Kwa shule ya umma, hakuna mtoto wa shule ya msingi anayepaswa kufukuzwa kwa ajili ya pesa. Hilo halijadiliwi kwenye COPA wala popote. Mkiombwa, ombeni waraka: nani ameagiza, tarehe gani, sahihi ya nani. Mara nyingi swali hilo peke yake linamaliza jambo.

Wazazi wenyewe wakikubaliana kuchangia kitu kinachoonekana, mfano mlango wa choo, iwe hiari ya kweli. Jina la asiyetoa lisisomwe mbele ya watu, na kiti cha mtoto wake kisiguswe. Nimeona "hiari" yenye orodha kwenye mlango wa darasa, na watoto wa darasa la pili wanasoma majina ya wenzao. Ile si hiari.

Na pesa za madini? Mji wetu unakaa juu ya shaba.

Swali hili ningependa liulizwe kila mkutano. Sheria ya madini, Code minier, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komune (manispaa), sekta au usultani ambao mgodi uko ndani ya eneo lake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hayo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya watu wanaoguswa na mgodi.

Maana yake ni kwamba komune yenye mgodi ina pesa yake, haisubiri mtu. Na tangu uchaguzi wa Desemba 2023 kuna washauri wa komune waliochaguliwa na wakaazi. Hao wana majina, wana simu, wanaishi karitie moja nanyi. Waulizeni: katika bajeti ya mwaka huu, shule gani, kazi gani, kiasi gani? Ombeni muone mpango wa maendeleo wa komune. Kama shule yenu haimo, COPA iandike barua kabla bajeti haijapitishwa. Ikishapitishwa mtaambiwa ngojeni mwaka ujao, na mwaka ujao watawaambia hivyo hivyo.

Mahali mgodi ulipo, kuna pia daftari la makubaliano kati ya kampuni na wakaazi, "cahier des charges". Mara nyingi ndani yake mna shule. Mzazi aende kwenye vikao vile akiwa na vipimo mkononi: madarasa mangapi yanavuja, madawati mangapi yanakosekana, wasichana wangapi kwa choo kimoja. Aliyekuja na hesabu anasikilizwa kuliko aliyekuja na machozi, ingawa machozi nayo ni ya haki.

Mimi sikusoma, na Kifaransa sijui. Nitafanya nini kwenye komite?

Mama, baba, kaa kwenye kiti chako. Swali lililofungua daftari shuleni kwetu lilitoka kwa mtu asiyejua kusoma.

Mikutano ya wazazi ifanyike kwa Kiswahili. Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na za mahali zitumike hata kufundishia. Kama mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa kwa Kiswahili, kwa nini mzazi wake asomewe ripoti kwa Kifaransa asichokielewa na kuombwa apige makofi? PV inaweza kuandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya sudivizio, lakini kabla ya sahihi isomwe kwa Kiswahili, yote, hata sehemu ya pesa. Hasa sehemu ya pesa.

Mnapigana na walimu?

Hapana. Mwalimu wa NU anayefundisha watoto themanini bila mshahara ni mwenzetu katika shida. Ndiyo maana kwenye COGES tunataka mwakilishi wa walimu achaguliwe na walimu wenyewe, asiteuliwe na direkta.

Ila mzazi asiingie darasani kumwambia mwalimu jinsi ya kufundisha hesabu. Kuna mpaka, nasi tuuheshimu.

Mkipata nguvu hiyo, haitaishia mikononi mwa wenye pesa, au kwenye ukabila?

Hili ndilo pingamizi la kweli, na sitalipita haraka. Sisi wa Katanga tunakumbuka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa majumbani, watu wakalala siku na siku kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakisubiri mabehewa. Walimu wengi walikuwa kati yao, na madarasa yakabaki matupu. Waliofanya vile walisema pia kwamba wenyeji ndio waamue. Kwa hiyo mtu akisikia "uamuzi uwe wa hapa" na akaogopa, namwelewa.

Jibu langu ni kwamba kuna mambo ambayo hakuna komite inayopiga kura juu yake. Mtoto gani aingie shuleni: hapana, kifungu cha 45 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuingia bila ubaguzi. Mwalimu wa kabila gani aajiriwe: hapana. Msichana mwenye mimba arudi au asirudi: si letu kumfungia mlango. Komite inaamua juu ya malata, maji, pesa na usalama.

Kuhusu wenye pesa, shuleni kwetu tuliweka sheria ndogo: rais wa COPA asikae zaidi ya miaka miwili, mweka hazina asiwe ndugu wa direkta, na angalau nusu ya wajumbe wawe wanawake. Kura ni ya kunyanyua mkono kwa mambo ya kawaida, ya karatasi kwa kuchagua viongozi. Tajiri mmoja wa karitie alijitolea kupaka rangi shule nzima, akaomba tu shule ibebe jina lake. Tulimshukuru, tukapaka rangi madarasa mawili kwa pesa yetu.

Mtabadilisha programu ya masomo?

Hapana. Mtoto wa Katuba, hapa mjini, na wa Mbandaka, kule mbali, wafanye mtihani mmoja.

Direkta akikataa kuonyesha hesabu?

Anzeni kwa upole, kwa mdomo, watu wawili au watatu, msiende kundi. Akikataa, andikeni barua fupi yenye tarehe, nakala mbili. Yenu igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Bila nakala iliyopokelewa hamna kitu. Kisha sudivizio, na kwa shule ya konvansione, koordinasio pia. Kisha Proved.

Na kuna silaha ya amani ambayo watu wachache wanaijua. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeruhusiwa kuadhibiwa kwa kutoa ombi la namna hiyo. Andikeni kifungu hicho juu ya barua, mhesabu siku.

Mtoto wangu hatalipiziwa kisasi?

Hofu hii ni ya kweli. Ndiyo sababu barua isainiwe na wengi, na jina la kwanza lisiwe la mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita, anayesubiri mtihani. Alama za mtoto zikianguka ghafla, hifadhini madaftari yake na muombe mkaguzi ayaone.

Nianze wapi, na lini?

Septemba, mkutano wa kwanza wa wazazi. Ndio ule watu wengi hawaendi, kwa sababu ni wiki ya kununua yunifomu na kila mtu amechoka. Nenda. Beba kalamu na daftari la mtoto lililobaki kurasa. Uliza mambo matatu: COPA inachaguliwa leo au imeshapangwa? Hesabu ya mwaka jana iko wapi? Kikao kijacho ni tarehe ngapi? Andika majibu, na jina la aliyejibu. Ukitoka, mwonyeshe jirani yako ambaye hakuja.